Neno la Kwanza Mbele ya Wazee

Kasense, 13 Januari 2025

Kaka Leonsi,

Shikamoo. Hili sijamwambia mtu yeyote: Jumamosi nilikuona Chala. Nilikuwa nampelekea shangazi mbegu, nikakuona pale kwenye mashine ya kusaga ya Abeli umebeba gunia la mahindi, unga umekujaa mpaka kwenye kope. Nilijificha nyuma ya duka mpaka ulipoingia ndani. Niliona aibu, na sijui ilikuwa yangu au yako.

Sisi wazima, isipokuwa mgongo wa Mama. Hata hivyo ameloweka ulezi wa kimea. Anasema daktari wake, yaani wewe, hawezi kumaliza chuo halafu watu wanywe soda. Jirani yetu Mama Edith anamtania kwamba pombe itachacha kabla daktari hajafika, wanacheka. Mimi nashindwa.

Si ulisema uko wodini mpaka Juni? Kuna nini, kaka?

Mdogo wako,
Klementina

Chala, 17 Januari 2025

Mdogo wangu Klementina,

Marahaba. Mwili ni mzima. Ungeniita tu siku ile.

Nimefukuzwa chuo. Mtoto alifariki wodini. Dawa nilimpa mimi, kwa agizo la daktari wa zamu kwenye simu. Sista Dominika, muuguzi wa wodi, alikuwa kando yangu, akasikia. Baadaye daktari akasema hakuagiza. Nikaitwa kwenye kamati bila kuambiwa nashtakiwa nini.

Nikakuta wakubwa wamekaa, wamenuna. Nikafanya kama tulivyolelewa. Nikapiga magoti nikasema, "Nisameheni, wazee wangu." Unajua nyumbani ndivyo mtoto anavyoanza hata kama hana kosa, halafu Baba Mkubwa Teodori anasema, "Haya, inuka ueleze." Nikabaki chini nasubiri kuambiwa nieleze. Mwenyekiti akasema, "Amekiri." Nikatolewa nje.

Mwisho wa kukata rufaa ni Ijumaa ijayo. Sina nguvu. Watasema nilikiri. Na yule mtoto simsahau. Usimwambie Mama.

Kaka yako,
Leonsi

Kasense, 20 Januari 2025

Kaka Leonsi,

Shikamoo. Unakula lakini?

Unanijua, hata chumvi naona haya kwenda kununua. Leo nimekwenda Katandala kwa watu wa msaada wa sheria. Nilizunguka nje mpaka wakili mmoja, Mama Cornelia, akatoka akaniuliza, "Binti, unauza nini?" Nikamweleza yote. Alisema kuomba radhi si kukiri, na mtu hafukuzwi bila kuonyeshwa shitaka lake, bila kupewa nafasi ya kujieleza na kuita shahidi. Ameandika rufaa. Inakosa sahihi yako tu.

Nimeiweka kwenye bahasha hii, inakuja na basi. Weka sahihi, uirudishe kabla ya Ijumaa. Nakuomba. Mama anaanika kimea huku anaimba, na mimi ndiye ninayemshikia ungo.

Mdogo wako,
Klementina

Kasense, 4 Februari 2025

Kaka Leonsi,

Shikamoo, popote ulipo.

Hukujibu. Siku moja kabla ya ile Ijumaa nilikufuata Chala. Abeli alisema umeshuka ziwani, hukusema wapi. Simu yako haipatikani. Bahasha yangu niliikuta juu ya mizani, haijafunguliwa.

Ndani yake mna rufaa yako; nilikaa kwenye gunia la pumba nikaitoa, nikaandika jina lako penye sahihi. Mkono wako naujua, wewe ndiye uliyesaini ripoti zangu za shule tangu Baba afariki. Nikampelekea Mama Cornelia, wakili wa msaada wa sheria aliyeiandika. Hakuuliza, nami sikusema.

Jana chuo kilipiga kwenye namba yangu. Rufaa imepokelewa. Utasikilizwa Jumatatu, tarehe kumi, na Sista Dominika amekubali kuja. Usipofika, uamuzi unabaki uleule, na hakuna rufaa nyingine.

Barua hii anashuka nayo Asnath, yule mchuuzi wa dagaa, kwa sababu sura yako anaijua. Atakuulizia Kirando, atakuulizia Kipili. Mimi sina pengine pa kukutafuta.

Rudi, kaka. Wakikuuliza una la kusema, usipige magoti. Msamaha usiutangulize. Simama, uanze na ile simu ya daktari.

Ila hili la sahihi usimwambie mtu. Wakikuonyesha, sema ni yako. Hata Mama asijue. Nakusihi, libaki kwako na kwangu tu.

Mdogo wako,
Klementina