Uwanjani Usiniite Mama

Abu Hamour, Doha
11 Januari 2025

Senje Scovia mpendwa,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata Chelsea ninayekaa naye dawati moja: nataka Mama aaibike. Si kidogo. Nataka afukuzwe uwanjani watu wakiona.

Sasa ndio nikusalimu. Mulembe, Senje, shangazi yangu. Goti lako limepoa? Huku tu wazima, Baba bado yuko zamu za usiku Al Rayyan. Barua hii anakuletea Paul wa kazini kwa Baba, anayekuja huko likizo, kwa sababu Mama hupekua simu yangu.

Unajua akitoka kazini hospitali yeye ndiye kocha wetu wa softiboli shuleni. Siku ya kwanza ya mazoezi ya msimu alinivuta kando: "Uwanjani usiniite Mama. Niite Kocha. Sitaki wazazi waseme napendelea mtoto wangu." Sawa. Lakini mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, ni mimi, Senje! Mwaka mzima nimerusha mpira kwenye ukuta wa nyuma mpaka majirani wakalalamika. Juzi akasoma majina. Mrushaji: Melissa. Nikainua mkono, mimi ambaye hata darasani sijibu, nikauliza kwa nini. Akasema mbele ya wote, "Velma, mrushaji lazima awe na sauti. Wewe utakagua vifaa."

Wakacheka. Melissa akanirushia helmeti yake. "Mkaguzi, anza na hii, inanuka jasho."

Tangu hapo nyumbani pia namwita Kocha. "Kocha, nipitishie chumvi." Naona inamuuma, naongeza ugali.

Swali langu sasa. Gongo la Melissa la kupigia mpira limechezewa. Kaka yake alifungua kifuniko cha mwishoni mwake, akalikwangua ndani ili mpira uruke mbali, akakibandika tena. Gundi nimeiona. Melissa naye aliniona nikiiangalia. Akanikonyeza: "Sema basi. Utasema na sauti gani?"

Sijasema. Refa akiligundua siku ya mchezo, adhabu inampata nani? Wewe ni refa, niambie.

Mtoto wa kaka yako,
Velma


Kakamega
26 Januari 2025

Velma wangu,

Mulembe muno. Goti linalia kila mvua ikinyesha, lakini bado naweza kumkimbiza mchezaji mjeuri. Mama yako hajambo? Na kaka yangu, analala mchana jinsi nilivyomwagiza? Nilicheka ile ya chumvi. Kisha nikasoma mpaka chini, nikaacha kucheka.

Nakujibu kwanza kama refa. Kabla ya mchezo refa huwaita makocha pale besi ya nyumbani, anaposimama mpigaji, akawauliza mmoja mmoja: wachezaji wako wote wana vifaa halali? Kocha hujibu kwa kinywa chake. Akishasema ndiyo, amejitia dhamana. Gongo lililochezewa likishikwa mkononi mwa mpigaji, mpigaji anatoka na kocha anatoka naye. Nimewahi kumtoa mwalimu mzima hivyo, akaenda kukaa kwenye basi la shule na filimbi shingoni.

Sasa nakujibu kama senje. Mama yako kichwa ngumu, nilimwambia kaka yangu tangu siku ya kupeleka mahari. Aibu kidogo haitamuua. Lakini mpira wa gongo hilo hutoka kama jiwe la kombeo, na anayesimama mbele yake ni mtoto wa mtu. Halafu jiulize, kocha akisema ndiyo, anaapa kwa jicho la nani? Toa hilo gongo. Ukitaka kulipiza, rusha mpaka aone haya.

Senje wako,
Scovia


Abu Hamour, Doha
16 Februari 2025

Senje mpendwa,

Mulembe. Natumaini mvua imepungua na goti limetulia. Barua yako ilifika mapema, siwezi kusema ilichelewa. Ya refa niliisoma mpaka nikaishika kwa moyo. Ya senje niliikunja.

Jana tulicheza na shule moja ya Al Wukair. Asubuhi Mama aliniuliza, "Mkaguzi, magongo?" Nikamjibu, "Yako sawa, Kocha."

Refa alipomuuliza pale besi ya nyumbani, hakutazama magongo. Alinitazama mimi, akatabasamu, akasema yote ni halali.

Melissa alipiga mpira ukavuka wavu wa kuzunguka uwanja. Watu wakishangilia, refa akaokota gongo, akabonyeza kifuniko kwa kidole gumba, kikambakia mkononi. "Si mimi, ni kaka yangu!" Melissa akaanza kulia. Refa akanyoosha mkono kwenye geti: yeye, kisha Mama.

Senje, ilikuwa tamu. Mama alipita mbele ya wazazi wote, hakuna aliyemsemesha, nami nikahisi kama nimekunywa soda baridi kwenye jua. Kocha msaidizi akaniita nirushe. Nilirusha, wapigaji wao wakatoka mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetoka niligeuka kuangalia geti ili Mama aone alichokosa.

Alikuwa nje ya wavu, kwenye maegesho. Anapiga makofi. Peke yake, mikono juu ya kichwa.

Leo wamempigia simu kutoka shuleni. Nimemsikia sebuleni: "Vifaa alikagua binti yangu, na binti yangu hasemi uongo. Hilo gongo lilichezewa baada yake. Nitaandika hivyo na kutia sahihi." Na Melissa anajua niliiona gundi. Kesho atasema, na sauti anayo. Mama atakuwa ametia sahihi uongo wangu, na hawatampa timu tena.

Nasikia ndara zake kwenye korido. Siku zote karatasi ingekuwa tayari chini ya mto. Leo iko mezani, wazi.

Anagonga. "Velma, una kalamu?"

Ninayo hii tu ninayoandikia. Acha nimwite aingie, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. Nitamwita Mama.