Zahanati Isiyo na Jina Lako

Baba,

Jumatatu naripoti chuo kikuu. Nimepewa usanifu wa majengo, kozi ile uliyonijazia mwenyewe kwenye fomu kwa mwandiko wako wa ofisini, kila herufi imesimama wima kama askari wa gwaride. Ningependa kukuambia nina furaha. Sina. Nina hasira nawe, na sina mwingine wa kumwambia.

Ulikufa nikiwa kambini Gilgil, kwenye yale mafunzo ambayo sasa lazima uyapitie kabla ya kuingia chuo. Walinipa siku nne. Nilifika mazishini Siaya na buti za kambi miguuni, nikakutupia udongo, nikarudi kupiga saluti. Mafunzo yalipoisha nilirejea Nairobi, nikamkuta Mama anafunga viti kamba. Nyumba ilikuwa ya kazi, Baba, na kazi imekwenda nawe. Barua ilisema tuhame mwisho wa mwezi. Mimi nilizaliwa humo. Tuhamie wapi, hiyo barua haikusema.

Mama akaniambia nipange vitu vyako, nichukue vya kunifaa masomoni. Nikachukua ubao wa kuchorea, rula ya T na zile kalamu za wino ulizotukataza kugusa. Chini kabisa ya sanduku nikakuta karatasi zimekunjwa ndani ya gazeti. Ramani za zahanati ya wafanyakazi kule mtaa wa Baba Dogo. Si nakala. Ni za penseli, zimefutwa na kuchorwa tena, na pembeni umeandika kwa Kijaluo: jua la asubuhi lifike kitandani kwa mgonjwa. Mkubwa wako wa kazi hajui neno moja la Kijaluo.

Unakumbuka Jumapili uliyonipeleka kuiona? Nilikuwa na miaka tisa. Ulisimama nje ya lango muda mrefu mpaka mguu ukaniuma. Nikasoma jina kwenye jiwe la ukutani, jina la mkubwa wako, nikasema, "Huyu mtu ana akili sana." Ukanijibu, "Ndiyo, ana akili." Tukarudi kwa basi, ukaninunulia mbavu za kuchoma pale soko la Burma, na wewe hukula.

Kwa nini hukuniambia? Si lazima ofisini. Nyumbani, mlango umefungwa, tukiwa wawili. Miaka yote hiyo uliniketisha kwenye ubao wako ukinifundisha kunyoosha mstari, ukaniacha nimheshimu mwizi.

Kwa wiki mbili nilikuita mwoga. Nilikuita hivyo kwa sauti nikifua nguo uani, jirani akaniuliza nasema na nani. Halafu nikaenda ofisini kwenu na zile ramani ndani ya mfuko. Nilikuwa na mambo mawili: kumwonyesha mkubwa wako karatasi, na kumwomba atuongezee muda kwenye nyumba.

Alisimama kunisalimia. Akasema, "Baba yako alikuwa na mkono safi. Ukimpa kitu cha kunakili, hakosei hata nukta." Mfuko ulikuwa mapajani mwangu. Nikaanza na nyumba. Akatazama dirishani, akagonga meza kwa kidole, kisha akasema, "Haya. Mwambie mama yako akae miezi miwili zaidi." Akaniuliza, "Kuna lingine?"

Nikasema, "Hapana, bwana. Asante sana."

Nilisema nimeinamisha kichwa, vilevile ulivyokuwa ukiinamisha chako akipita na gari lake mtaani. Dakika kumi mbele yake zilitosha kunifanya binti yako.

Nilipofika nyumbani nikamwaga kila kitu mbele ya Mama. Ramani, jiwe, woga wako na wangu. Alikuwa anachagua mchele. Hakuinua macho. "Najua," akasema. "Alitaka kwenda kuwaeleza wakubwa zaidi. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilikuwa na mimba ya Ouma, na nyumba ilikuwa yao. Nilimwambia, ukisema, utatuzalisha barabarani." Akaendelea kutupa mawe nje ya ungo.

Sasa hasira hii niiweke wapi, Baba? Kwako haikai vizuri tena. Kwa Mama siwezi, ana nyumba nzima ya kuhamisha. Kwangu ipo tayari. Ouma ameingia darasa la tano na jana aliniuliza kama wewe ulijenga kitu chochote Nairobi. Nilimwambia amalize hesabu zake. Nimeshaanza kumfanyia ulivyonifanyia mimi.

Mama amepata chumba Kariobangi. Bomba liko uani na paa halivuji, ila ndani hakuna mahali pa kufungulia ubao. Nitauacha kwenye bweni langu chuoni. Nimenunua karatasi na penseli laini, na nimeshona mfuko wa turubai wa kubebea rula isivunjike. Hayo ndiyo matayarisho yangu. Mengine uliyafanya wewe, najua, na bado sijaweza kukushukuru.

Kwaheri, Baba. Kukuahidi ujasiri siwezi, nimeshaona wangu unaishia wapi. Nakuahidi hili tu: miezi miwili ikiisha na Mama amehama, funguo za nyumba nitazirudisha mimi mwenyewe. Nitaziweka juu ya meza ya mkubwa wako, nizitandaze ramani zako kando ya funguo, na siku hiyo sitakuwa na kitu cha kumwomba.

Binti yako,
Auma