Mabeseni Mawili ya Shiru

Mpendwa Shangazi Ndinda, naomba msaada kabla sijatoroka nyumbani kwangu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tano, nauza nyama Soko la Burma, na binti yangu Shiru, aliyeolewa hapa hapa Buruburu, anatarajia mtoto wake wa kwanza, nami nimeshaahidi kwenda kumwogesha huyo mtoto na kumpikia Shiru uji kama mama yangu alivyonifanyia. Sasa mwezi uliopita nikiwa buchani nilishikwa na maumivu ubavuni mpaka nikaangusha kisu, Shiru akanikimbiza kasualti ya hospitali, mimi nikijua ni mawe ya figo maana marehemu baba alikuwa nayo, na kule hawakunipeleka chumba cha picha, daktari mwenyewe, msichana mpole anaitwa Kawsar, alisukuma mashine ndogo ya ultrasound mpaka kitandani, akavuta pazia Shiru akabaki upande wa pili, akanipaka jeli baridi na kuanza kutembeza kile kifaa ubavuni macho yake yakiwa kwenye skrini. Akasema figo limevimba kidogo, ni maambukizi, dawa itamaliza. Kisha akashuka chini ya kitovu, akatabasamu.

"Mama, jiwe sioni," akaninong'oneza, "lakini kuna mtu hapa."

Nilidhani ananitania, maana hedhi ilipokoma nilijua ni umri, hata nikashukuru, lakini akafungulia sauti, moyo ukasikika ukikimbia tuku-tuku-tuku, nami Shangazi nikalia na kucheka kwa pamoja, sijawahi kusikia kitu kitamu hivyo.

"Mathe, ni nini hiyo inalia?" Shiru akauliza kutoka nyuma ya pazia.

"Ni mashine tu," nikamjibu. "Ni ya zamani, ina kelele."

Maumivu yaliisha. Mume wangu Maina nilipomwambia alicheka mpaka akakaa chini, na siku hizi anaimba akinyoa ndevu. Lakini mimi nililelewa nikijua mama mwenye binti aliyeolewa hazai tena, ni aibu, na wamama wa kanisa wakija kuona mtoto wataanzia kwa nani, na je, Shiru akinidharau? Nafikiria kwenda kwa dada yangu kule Murang'a nijifungulie huko, ingawa Shiru atajifungua bila mimi na hilo linanikata maini. Yeye mwenyewe naye amebadilika, haniachi niinue nyama, ananiletea maparachichi, na vitu vya mtoto ananunua viwili viwili, mabeseni mawili, shali mbili, na wala hana mapacha. Nikimgombeza anacheka tu. Nifanyeje?

Shosho-Mama, Burma

Shangazi Ndinda anajibu:

Shosho-Mama, bibi na mama kwa mpigo mmoja, hongera sana. Nimecheka peke yangu hapa ofisini mpaka mhariri akaja kuchungulia.

Sasa ngoja nikugombeze. Wewe unayekadiria kilo ya nyama kwa jicho, umeshindwa na hesabu ya mabeseni? Binti yako ni mjamzito. Kliniki wamemsikilizisha mapigo ya moyo wa mtoto wake, mlio ule anaujua vizuri, na pazia la kasualti ni kitambaa tu. Shiru amejua tangu siku ile. Amenyamaza kwa sababu ulimwambia ni mashine, naye hakutaka kukuumbua.

Aibu yako naielewa, nami nililelewa hivyo hivyo. Lakini mtu anayekudharau hamnunulii mtoto wako shali. Murang'a huendi. Ukimwacha Shiru wakati wa kujifungua, hapo ndipo utakuwa umemkosea kweli.

Leo funga bucha mapema uende kwake. Usimtume baba yake, na usianze kuzunguka na habari za bei ya maini. Mwambie ile haikuwa mashine, basi, mengine mtaongea mkishamaliza kulia. Wiki hii nendeni kliniki pamoja, maana kwa umri wako wahudumu watataka kukuona mara kwa mara. Wamama wa kanisa waache wachanganyikiwe, uji watakunywa nyumba zote mbili.

Na ufanye haraka. Huko Burma mnafungia nyama kwa magazeti, sitaki Shiru ayasome haya kwenye karatasi ya matumbo.

Beseni moja ni lako, mama. Nenda ukalichukue.