Asilimia Sifuri ya Mugeta

Buhare, Musoma
14 Agosti

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta angalau unakula, maana mdogo wangu Rhobi ananiambia siku hizi sahani yako inarudi jikoni kama ilivyopelekwa. Goti la Mama vipi? Mimi mzima. Naenda kazini, narudi, nalala. Siku uliyonipigia kwamba ng'ombe wote kumi na wanne wamekwisha kwa homa ya mapafu, nilikuambia pole, nikaendelea kukaanga dagaa. Mpaka leo sijalia, na sijui kwa nini.

Rhobi anasema jumuiya huendi tena. Eti mzee Enos alisema mbele ya watu kuwa umewaponza, kwa sababu ni wewe uliyewaambia wamkatalie bwana mifugo alipokuja kupima na kuhesabu, nawe ukajibu kuwa ni kweli, umeua ng'ombe wa kijiji. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu ungenikatisha.

Ulikuwaga unatuambia ng'ombe wa mtu hahesabiwi kwa sauti. Kwa hilo sina neno na wewe.

Kazi yangu kwenye mradi wa mifugo sikuwahi kukueleza vizuri. Kila kata inaleta idadi ya ng'ombe waliopimwa na ya waliokutwa wagonjwa. Naiagiza kompyuta igawanye wagonjwa kwa waliopimwa, itoe asilimia. Kata yenye asilimia kubwa inapata chanjo kwanza. Mwezi wa tano kata yetu ya Mugeta ilileta waliopimwa sifuri, na hakuna hesabu ya kugawanya kwa sifuri. Kompyuta ikagoma, ripoti ya kata zote ikakwama, na bosi wangu Luhende aliitaka kabla ya saa sita.

Ningeweza kuiagiza iache pale wazi. Mtu angeuliza kwa nini pako wazi, labda angetumwa mwingine aje azungumze na ninyi vizuri. Lakini Luhende hapendi mapengo. Nikaiagiza iandike sifuri, ripoti ikatoka, nikaenda kunywa chai. Asilimia sifuri maana yake hakuna mgonjwa. Mugeta ikaonekana safi, chanjo ikapelekwa kata ya Bugwema.

Na nilijua, Baba. Bwana mifugo alikuwa ameandika pembeni kwamba wafugaji wamekataa kuhesabiwa. Nilicheka peke yangu, nikasema huyo ni baba yangu tu, nikabonyeza.

Wewe ulikataa ng'ombe wahesabiwe. Hukusema ni wazima. Aliyesema ni mimi.

Jana nimemweleza Luhende. Alinisikiliza, akasema nirekebishe. Nimerekebisha. Imenichukua dakika mbili.

Jumapili nenda jumuiya. Mpe Rhobi aisome barua hii mbele ya mzee Enos na wenzake, asiruke kitu. Jumamosi itakayofuata nitakuja mwenyewe, waniulize mimi.

Msalimie Mama, na majirani watakaopokea salamu zangu.

Ni mimi binti yako,
Benedikta