Jiwe Nililolitoa Jikoni

Mjukuu wangu Naomi,

Habari ya Eldoret na masomo? Sisi hapa Bulla Pesa tuko salama. Mbuzi wako mweupe amezaa mapacha, na mama yako anasema hawauzwi mpaka uwaone.

Umeniuliza kwa nini tukipita lile rundo la mawe msituni Leparua lazima niongeze jiwe.

Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Nilitaka kujengea vitoto vya mbuzi zizi, nikaona mawe mazuri yamerundikwa pale, nikayabeba. Baba aliporudi na ng'ombe akaniuliza nimeyatoa wapi. Nikamwambia. Akasema, "Hilo ni kaburi. Kila anayepita huweka jiwe. Wewe ndiye wa kwanza kuondoa."

Hakunipiga. Nililibomoa zizi mwenyewe, nikarudisha jiwe moja moja, siku mbili nzima. Mama akasema yanatosha. Nikakataa, kwa sababu jiwe moja nilikuwa nimempa yeye, akalifanya figa, na sufuria ilikuwa juu yake. Nikaepua sufuria, nikangoja jiwe lipoe, nikalibeba. Siku hiyo tulichelewa kula na hakuna aliyelalamika.

Aliyelala pale hatumjui jina, hata baba hakumjua. Lakini wakati ule rundo lilinifika kiunoni, na sasa limenipita kimo.

Magoti yangu yanauma, ila ukifunga chuo tutaenda. Beba jiwe lako. Langu nimeshalichagua, liko hapa mlangoni.

Nyanya yako