Kipande cha Wavu Ndani ya Bahasha

Kahororo,
Bukoba.
14 Septemba 2025

Mpendwa kaka Rwekaza,

Kasinge waitu. Habari za Newala, na jua la huko mnalivumiliaje? Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Joanitha na watoto. Kile kifua kilichokusumbua tangu Pasaka kimetulia? Huku tu wazima. Mvua zimeanza kudondoka, migomba imechangamka, na Mama amefanyiwa upasuaji wa jicho la kulia na anaona vizuri.

Utashangaa dada yako kushika kalamu wakati simu ipo. Yale maneno mabaya niliyasema kwa simu, tena mbele ya ukoo mzima, kwa hiyo ya kuyafuta nimeona niyaandike kwa mkono. Halafu humu ndani kuna kitu ambacho simu isingeweza kukibeba.

Nianze na gari ulilompa Mama, ninaloliendesha mimi. Mwanzoni mwa Agosti lilianza kulia. Likipanda kile kilima cha kutoka Kemondo, linavuma kwa sauti nyembamba kama nyigu aliyefungiwa kwenye chupa. Nikitoa gia P kwenda D, kimya, nahesabu moja, mbili, halafu gdu! Ndipo linaondoka. Nikalipeleka kwa fundi mmoja mjini. Hakuliendesha, hakufungua kitu. Alichungulia chini, akaona hakuna hata tone la oili lililovuja, akaniambia magari ya otomatiki ndivyo yalivyo, gia boksi imekufa, na ilikuwa imekufa kabla gari halijafika Bukoba.

Nikaamini papo hapo. Unanijua, mdomo wangu hauna breki. Tarehe ya jicho la Mama ilikuwa inakaribia, hofu ikanipanda kichwani, nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba Rwekaza amempa Mama jeneza lenye magurudumu. Gari ulilolitunza miaka minne, ukalitoa bure ili Mama afike kliniki! Nikaona tu umeondoka kwenye kundi, na tangu siku hiyo hupokei simu zangu. Sikulaumu.

Nilikuwa karibu kuagiza gia boksi nyingine kutoka Mwanza, mwalimu mwenzangu Evelyne akanikazania nimwone kwanza mzee Hamidi, fundi wa hapa Kahororo. Mzee akakaa kwenye usukani, akaniambia, "Mwalimu, zima redio, na wewe unyamaze. Tulisikilize lenyewe." Kunyamaza kwangu ni kazi, lakini nilinyamaza. Akapanda kilima mara mbili. Kisha, injini ikiwa ya moto na inaunguruma, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi. Oili ilikuwa imelowesha ncha tu.

"Hii haijafa," akasema. "Ina kiu." Akanieleza kwamba oili ikipungua, pampu ya gia boksi hunyonya hewa, ndiyo inayolia vile, na gia nazo huchelewa kukamata. Likabaki swali moja: oili inakwenda wapi, ikiwa pale gari linapolala hakuna tone?

Akalipandisha jeki. Pale shafti ya gurudumu la mbele inapoingilia kwenye gia boksi palikuwa na tope lililochanganyika na mafuta. Akalifuta. Chini yake tukakuta nyuzi za nailoni za kijani, zimejizungusha na kuyeyuka hadi zikawa donge gumu kama kokwa la parachichi. Zilikuwa zimekula sili, kile kipete cha mpira kinachozuia oili isitoke. Gari likisimama, sili inashika. Likikimbia, oili inarushwa nje na kupotelea barabarani.

Kaka, nililigeuzageuza lile donge mkononi. Nailoni ile naijua. Mwezi wa sita nilipokwenda kwa Mama, Muleba, nilirudisha gari nyuma pale uani nikakanyaga ule wavu mkuukuu wa wavuvi wa Bumbire anaofunikia kahawa, ili kuku wasiipekue ikiwa inakauka. Ukajisokota kwenye gurudumu. Nikaukata kwa kisu cha kumenyea ndizi, nikavuta ulioonekana, nikamwambia Mama umetoka wote. Nikasahau kabisa. Kosa nililifanya mimi, lawama nikakutupia wewe. Mama alipoonyeshwa lile donge alicheka mpaka akashika mbavu: "Mwana wange, ndiyo maana kuku wanapekua kahawa yangu upande ule ule ulioukata wavu!"

Mzee Hamidi akabadilisha sili na kujaza oili inayotakiwa. Nikapanda kilima cha Kemondo nimezima redio na kufunga madirisha yote. Kimya. Nililia, kaka, nakuambia kweli. Jumatano iliyopita gari lako hilo hilo ndilo lililompeleka Mama hospitali na kumrudisha salama.

Haya yote nimekwisha kuyasema kwenye kundi, bila kupunguza kitu. Shangazi Edvina amenijibu maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi safi. Kurudi kundini ni hiari yako. Mimi naomba msamaha tu. Tangu Mama afunguliwe bandeji anaitazama picha yako ukutani, anasema umenenepa, ingawa picha ni ile ile ya siku zote. Desemba njoo umwonyeshe mwenyewe.

Nisalimie wifi Joanitha, na wale wapwa zangu wadogo, Aroni na Kokuberwa, waambie shangazi yao amewawekea senene. Shangazi Edvina na Evelyne wanakusalimu.

Kitu hicho cha kijani utakachokuta kwenye bahasha ni kipande cha lile donge. Kingine nimekitundika kwenye kioo cha gari. Siku nikianza tena kukulaumu kabla sijachungulia chini ya gari langu mwenyewe, usinijibu neno. Nirudishie tu hicho kipande.

Mungu awafunike kwa mkono wake, nyote mlio huko.

Ni mimi dada yako akupendaye, mwenye mdomo ule ule,

Restituta