Usiachie!

Jumamosi, Umbilo, huku ugenini kwa Wazulu. Mvua imekatika, jua kali, na mimi nanuka mafuta ya breki hadi kwenye nywele. Nina furaha ya kijinga.

Kwanza niwajibu mlioniandikia kwamba mtu wa vitabu amwachie fundi gari lake. Kwa nini? Anayeogopa spana ataogopa na hoja. Viungo vya usukani nimevibadilisha mwenyewe jana, na sasa usukani hauzunguki ovyo kabla tairi hazijapata habari.

Breki ndizo zilizokuwa kesi.

Mwezi uliopita gari lilikataa kusimama kwenye robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani. Tulipita taa ikiwa nyekundu, mke wangu, Mama Neema, kashika dashibodi kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo anapanda taxi. Kesho rafiki zetu wa Queensburgh wanambatiza mtoto wao, na alishaniambia: asipoliona gari likisimama, tutakutana kanisani. Yaani mimi, ninayebishana na dunia nzima, nionekane nimeshindwa kumshawishi mke wangu akae kando yangu!

Pedi mpya za breki ziliingia bila taabu. Ikabaki kutoa hewa kwenye mafuta ya breki, kazi ya watu wawili. Mama Neema ndani, mguu umekandamiza pedali. Mimi chini, nafungua nati ndogo karibu na gurudumu, hewa inatoka na mafuta, nafunga. Akiinua mguu kabla sijafunga, hewa inavutwa ndani tena na kazi yote ni bure.

Nikapaza sauti: "Usiachie!"

Akaachia.

Mara ya pili, vilevile. Nikatoka chini nimewaka moto, nikamweleza kwamba hiyo ni amri ya kukanusha, mtoto wa darasa la tatu anaijua.

"Mimi nasikia 'achia' tu," akasema. "Nyie Wakenya mnameza maneno kama vidonge. Halafu mnakiita Kiswahili!"

Mtu wa Tanga hana huruma. Lakini alikuwa na haki. Lugha yetu huliweka katazo mwanzoni mwa neno, na mtu aliyebanwa kifua chini ya gari, "usi" yake haifiki juu.

"Sema 'bamba'," akaamua. Kizulu hicho: shika. Na "yeka" ndiyo ya kuachia.

Nimeandika humu, tena kwa ukali, kwamba Kiswahili hakina haja ya kuazima. Leo nimelala chali nikinguruma "Bamba! Bamba!" hadi jirani wa ghorofani akachungulia kwenye balkoni, akauliza mwizi yuko wapi.

Pedali ikakaza.

Mama Neema hakuniachia usukani. Alinielekeza kiti cha abiria, akashuka nalo mteremko wa mtaa wetu, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Gari likasimama papo hapo, limenyooka, halikuvuta upande.

Miwani yangu haikusimama.

Alicheka hadi akafuta machozi. "Haya, Baba Neema, kesho tunakwenda pamoja. Lakini naendesha mimi. Wewe bishana na dirisha."

Jibu ninalo, tena kali. Lakini nani anabishana na dereva aliyekubali kurudi garini?